Familia Iliyoachwa Langoni

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Agosti, vyuo vikuu vya Marekani hufungua mabweni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Magari hupanga foleni, masanduku hushushwa, wazazi hupewa saa chache za kuzunguka kampasi, kisha huagwa kwa heshima na kurudi walikotoka. Kuanzia hapo kijana ni wa chuo. Utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba wengi hawaoni kama kuna namna nyingine ya kumpokea mwanafunzi. Lakini ulibuniwa kwa ajili ya watoto wa aina fulani: wale ambao baba na mama walikwishapita njia hiyohiyo, na ambao tangu wadogo wamefundishwa kwamba kukua ni kuondoka nyumbani. Mwanafunzi wa Kilatino mara nyingi ni wa kwanza katika ukoo wake kukanyaga chuo kikuu. Utaratibu huo humfungulia mlango yeye peke yake, na papo hapo huwafungia watu wote waliomfikisha hapo. Makala hii inadai kwamba hapo ndipo makaribisho mengi yanapoharibika, na kwamba chuo kinachotaka kijana huyu abaki hadi ahitimu hakina budi kuipokea familia yake pia, kwa vitendo, na kwa muda mrefu zaidi ya wiki moja ya sherehe.

Ni nani hasa tunaowazungumzia? Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano. Wamo wenye asili ya Mexico ambao mababu zao waliishi New Mexico na California kabla ya mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 kuzikabidhi nchi hizo kwa Marekani. Hao hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Wamo Wapuerto Rico, ambao ni raia wa Marekani tangu 1917. Wamo watoto wa watu wa El Salvador na Guatemala waliokimbia vita vya miaka ya 1980, baadhi yao wakitoka katika nyumba zinazozungumza lugha za Kimaya. Wamo Wadominika weusi wa New York, Wacuba wa Miami, na vijana wengi ambao Kihispania kiliishia kwa bibi na babu zao. Anayewaandalia hawa wote siku moja ya muziki wa salsa na bango la salamu za Kihispania huenda akawafurahisha wachache, na wengine akawaacha wakijiuliza kama wanatosha kuwa Walatino. Kinachowaunganisha wengi wao si chakula wala muziki. Ni hali ya kuingia chuoni bila mtu nyumbani anayejua chuo kinavyoendeshwa, huku nyumbani huko kukiendelea kuwategemea.

Idadi yao vyuoni imepanda kwa kasi. Mwaka 2000 walikuwa takriban milioni 1.5 katika vyuo vya nchi hiyo. Kabla ya janga la korona walikuwa wamezidi milioni 3.5. Tangu 1992 sheria ya nchi hiyo inavitambua kama taasisi zinazohudumia Walatino vyuo ambavyo angalau asilimia 25 ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni Walatino, na leo vyuo vya namna hiyo ni karibu 600. Ukisoma sheria hiyo utaona kwamba kipimo chake kikuu ni hesabu ya vichwa. Haimlazimishi mkuu wa chuo kubadili namna ya kufundisha, kushauri wala kuzungumza na wazazi. Gina Ann Garcia, mtafiti aliyeandika sana kuhusu vyuo hivi, amekuwa akisisitiza kwamba kuandikisha Walatino ni jambo moja na kuwahudumia ni jambo jingine. Mwanafunzi anaweza kusoma katika chuo ambacho theluthi ya wenzake wanafanana naye na bado asimwone mtu hata mmoja ofisini anayeweza kumweleza mama yake, kwa lugha anayoielewa, kwa nini karo imepanda.

Pamoja na hayo, kidogo kilichopo hakikuletwa na ukarimu wa vyuo. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa shule za sekondari za mashariki mwa Los Angeles walitoka madarasani, wakiungwa mkono na mwalimu Sal Castro, kwa sababu shule zao ziliwaelekeza kwenye kazi za mikono na mara chache sana kwenye vyuo vikuu. Aprili 1969 wanafunzi na walimu walikutana Santa Barbara wakaandika mpango wa kudai nafasi za masomo, idara za kufundisha historia yao na huduma za kuwasaidia wanafunzi, na hapo ndipo ilipozaliwa jumuiya ya wanafunzi ya MEChA. Majira hayohayo ya kuchipua, wanafunzi Weusi na Wapuerto Rico waliikalia kampasi ya City College jijini New York. Mwaka uliofuata mfumo wa vyuo vya jiji hilo ulifungua milango kwa wahitimu wote wa sekondari. Hostos, chuo cha miaka miwili kilichoanzishwa 1968 kusini mwa Bronx, kilianza kufundisha kwa Kihispania na Kiingereza pamoja. Stanford ilipata bweni la Casa Zapata mwaka 1972, na Chuo Kikuu cha Illinois huko Urbana-Champaign kikapata nyumba ya utamaduni ya Kilatino mwaka 1974. Nyumba hizi zilikuwa jibu la wanafunzi wenyewe kwa makaribisho waliyokosa, na mpaka leo mara nyingi wanafunzi wa miaka ya juu ndio wanaowapokea wapya humo.

Kwa nini basi vyuo viling'ang'ania desturi ya kumtenga kijana na nyumbani? Sehemu ya jibu imo katika nadharia. Mwaka 1975 Vincent Tinto, mwanazuoni wa elimu, alichapisha maelezo ya kwa nini wanafunzi huacha chuo, na kwa miongo kadhaa yamekuwa miongoni mwa maandishi yanayonukuliwa zaidi katika fani hiyo. Baadaye, katika kuyakuza mawazo hayo, alichukua fikra kutoka kwa Arnold van Gennep, Mfaransa aliyeandika mwaka 1909 kuhusu mila za kumvusha mtu kutoka rika moja hadi jingine. Kwa Tinto, mwanafunzi hupita hatua tatu: hujitenga na jamii aliyotoka, hukaa katika kipindi cha mpito, kisha huingizwa katika jamii mpya ya chuo. Asiyejitenga vya kutosha yuko hatarini kuacha masomo. Msomaji wa Afrika Mashariki atazitambua hatua hizo mara moja, kwa kuwa ndizo hatua za jando na unyago. Na kwa sababu anazijua, ataona pia palipo na kasoro. Mwali hutolewa nyumbani akafundwa na watu wa kwao, kwa maneno ya kwao, kisha hurudishwa kwao akiwa mtu mzima, na familia humpokea kwa ngoma. Mila hiyo haijakusudiwa kumhamishia kwa watu wengine. Mwaka 1992 William Tierney alimkosoa Tinto kwa hoja ya namna hiyohiyo: mila ya kuvuka rika ni ya mtoto anayekua ndani ya utamaduni wake, na kuitumia kwa kijana anayeingia katika taasisi iliyojengwa kwa utamaduni wa wengine ni kumtaka ajikane. Tinto mwenyewe baadaye alikubali kwamba kwa wanafunzi wengi uhusiano na nyumbani ni nguzo ya kubaki chuoni. Hata hivyo ratiba za wiki ya kwanza katika kampasi nyingi bado zinafuata nadharia ya zamani.

Madhara yake yamepimwa. Mwaka 2012 Nicole Stephens na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusu jambo dogo kabisa, barua ya kumkaribisha mwanafunzi mpya. Kundi moja lilisoma barua inayosifu kujitegemea: chagua njia yako, toa maoni yako, jiamini mwenyewe. Kundi jingine lilisoma barua inayosifu kushirikiana: jifunze pamoja na wenzako, kuwa sehemu ya jamii. Kisha wote wakapewa mafumbo ya kutatua. Miongoni mwa waliosoma barua ya kujitegemea, wale ambao wazazi wao hawakusoma chuo walifanya vibaya kuliko wenye wazazi waliosoma. Miongoni mwa waliosoma barua ya kushirikiana, tofauti hiyo ilitoweka. Uwezo wa akili haukubadilika kati ya barua moja na nyingine; kilichobadilika ni kama mahali hapo palionekana pao au pa wengine. Jaribio hilo liliwahusu wanafunzi wa familia zisizo na wasomi wa chuo kwa jumla, wala si Walatino peke yao, lakini linawagusa moja kwa moja. Miaka mitatu baadaye Yolanda Vasquez-Salgado, Patricia Greenfield na mwenzao waliwasikiliza wanafunzi wa Kilatino wa kizazi cha kwanza chuoni huko Los Angeles na kukuta wamebanwa katikati: huku mitihani, huku mdogo wa kupelekwa hospitali, mjomba anayehitaji mtu wa kumkalimania, bibi anayeagwa. Waliochagua kitabu walisumbuliwa na dhamiri, na waliochagua nyumbani walishuka alama. Mzigo huo hauondoki kwa kumwambia kijana ajifunze kukataa. Unapungua pale chuo na watu wa nyumbani wanapozungumza.

Na hapa vyuo hujificha nyuma ya sheria. Tangu 1974 sheria ya Marekani ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi humpa mwanafunzi wa chuo haki ya kuzuia alama na taarifa zake zisitolewe kwa wengine, wazazi wakiwemo kwa kawaida. Ni sheria njema, na kwa familia ambazo baadhi ya watu wake hawana hati za ukaazi ni kinga wanayostahili kuelezwa mapema. Lakini haimkatazi mtumishi wa chuo kumweleza mzazi muhula unaanza na kuisha lini, mwanafunzi hutarajiwa kusoma saa ngapi nje ya darasa, fomu ya msaada wa karo ya serikali hujazwaje, au mkopo una tofauti gani na ruzuku. Wazazi wanaohudhuria siku ya wazazi katikati ya wiki ni wale wenye kazi zinazowaruhusu kuondoka. Anayechuma zabibu bonde la San Joaquin au anayesafisha vyumba vya hoteli Las Vegas atakuja Jumapili, kama atapata mtu wa kumweleza kwa Kihispania, na kama hatatozwa ada ya kiingilio.

Kuna mambo mengine ambayo kijana wa familia ya wasomi huyapata mezani kwao bila kuyatafuta. Anthony Abraham Jack, katika kitabu chake cha 2019 kuhusu wanafunzi wa kipato cha chini katika vyuo vya kifahari, alionyesha kwamba wahadhiri hutangaza saa zao za kupokea wanafunzi ofisini bila kueleza saa hizo ni za nini. Mwanafunzi mmoja anajua kwamba ni muda wa kwenda kuuliza, kujadili, na baadaye kuombewa kazi au barua ya sifa. Mwingine anadhani ni muda ambao mhadhiri ana kazi zake na hapaswi kusumbuliwa. Kwa kijana aliyelelewa kumheshimu mwalimu na kutomchosha kwa maswali, kutokwenda ni adabu. Mhadhiri huona ni uvivu. Laura Rendón aliandika mwaka 1994 kwamba wanafunzi wa namna hii hawahitaji tu nafasi za kushiriki. Wanahitaji mtu wa chuo awaendee kwanza na kuwaambia waziwazi kwamba wanaweza na kwamba walichokuja nacho kina thamani. Mwenyeji ndiye anayeanza salamu, mgeni hapaswi kusimama mlangoni akibahatisha.

Yanayofanya kazi yanajulikana, tena si mageni. Mpango wa Puente ulianzishwa mwaka 1981 katika chuo cha miaka miwili cha Chabot huko Hayward, California, na Felix Galaviz na Patricia McGrath. Ni rahisi kuueleza: mwalimu mmoja wa uandishi, mshauri mmoja na watu wa jamii wenye taaluma wanashika kundi dogo la wanafunzi kwa mwaka mzima, na maandishi yanayosomwa darasani yanahusu maisha ya Walatino. Baadaye ulienea katika vyuo vingi vya jimbo hilo. Tangu 1972 mpango wa serikali kwa watoto wa vibarua wa mashambani umewasindikiza katika mwaka wao wa kwanza kwa ushauri, fedha za kujikimu na mafunzo ya ziada. Ushahidi ulio imara zaidi umetoka New York. Mwaka 2007 vyuo vya miaka miwili vya jiji hilo vilianza mpango unaoitwa ASAP: mwanafunzi asome muda wote, na kwa upande wake chuo kimpe mshauri asiye na msururu wa wanafunzi, kimlipie karo isiyofunikwa na ruzuku, kimpe vitabu na kadi ya usafiri wa treni na basi. Watafiti waliwagawa wanafunzi wa kipato cha chini kwa bahati nasibu, wengi wao wakiwa Walatino na Weusi. Baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa wamehitimu, na 22 tu ya wasiokuwemo. Kadi ya treni haina shamrashamra yoyote, lakini kwa anayesoma Bronx na kufanya kazi Queens ni makaribisho anayoyashika mkononi kila asubuhi.

Wapo wanaosema makaribisho ya pekee huwatenga Walatino na wenzao, yakawafanya wakae kwenye visiwa vyao. Hoja hii ina ushahidi na haifai kupuuzwa. Jim Sidanius na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mwaka 2004 waliripoti kwamba uanachama katika vyama vya makabila na asili uliongeza hisia za kuwepo mgongano kati ya makundi. Kwa upande mwingine, Sylvia Hurtado na Deborah Faye Carter mwaka 1997 walikuta kwamba Walatino waliojiunga na vyama vya kidini na vya kijamii ndio waliojiona zaidi kuwa wa chuo chao, na kwamba kinachoivunja hisia hiyo ni kubaguliwa ndani ya kampasi. Nionavyo, tafiti hizi hazikanushani. Nyumba ya utamaduni inaweza kuwa kibaraza cha kupumzikia kabla ya kuingia ukumbini, na inaweza kuwa mahali pekee ambapo kijana anaitwa kwa jina lake. Ikiwa hiyo ya pili, tatizo liko ukumbini. Kuifunga nyumba hiyo hakutamfanya akaribishwe maktaba, maabara au ofisi ya karo.

Wengine huuliza kama ni haki. Mtoto wa mchimba makaa wa Kizungu kutoka Kentucky naye ni wa kwanza kwao kwenda chuo. Kwa nini asipokelewe hivyohivyo? Apokelewe. Puente iko wazi kwa kila mwanafunzi, kadi ya treni ya ASAP haiulizi asili ya mtu, na barua ya kushirikiana katika jaribio la Stephens ingemfaa pia. Mambo haya yanazidi kuwa na uzito kwa sababu sheria imebadilika. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kuzingatia asili ya mwombaji katika kudahili. Huko Texas, sheria iliyoanza kutumika Januari 2024 ilifuta katika vyuo vya umma ofisi zinazohudumia makundi kwa misingi ya asili. Septemba 2025 wizara ya elimu ya Marekani ilitangaza kusitisha ruzuku zilizokuwa zikitolewa kwa vyuo vinavyohudumia Walatino, ikidai kwamba kigezo cha asilimia kinakiuka katiba. Hasara ni ya kweli, hasa kwa vyuo vidogo vilivyojenga maabara na kuajiri washauri kwa fedha hizo. Lakini hakuna sheria kati ya hizo inayokataza siku ya wazazi Jumapili, barua iliyotafsiriwa, au mhadhiri kueleza saa za ofisini ni za nini. Na faida haiishii kwa Walatino. Katika miaka ya karibuni Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Watoto wao, wengi wakizungumza Kiswahili nyumbani, sasa wanafika katika vyuo vya miji kama Lexington, Kentucky, wakiwa na wazazi wasiojua fomu ya msaada wa karo inaanzia wapi. Chuo kilichokwishajifunza kuzungumza na mama wa El Salvador kina pa kuanzia kwa mama wa Bukavu.

Husemwa pia kwamba kuwajali hivi ni kushusha viwango. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ng'ambo ya mto kutoka Ciudad Juárez, kinajibu hoja hiyo. Zaidi ya wanane katika kila wanafunzi kumi ni Walatino, wengi wanaishi kwao na kufanya kazi, na wengine huvuka daraja la mpakani kuja masomoni. Diana Natalicio alikiongoza tangu 1988 hadi alipostaafu 2019, akishikilia kwamba chuo kiwapokee vijana wa eneo hilo kama walivyo na wakati huohuo kifanye utafiti wa hali ya juu. Kabla hajaondoka kilikuwa kimeingizwa katika daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti nchini humo.

Pingamizi gumu zaidi ni lile linalotoka kwa wanafunzi wenyewe, hasa wasichana. Wapo wanaokwenda chuo ili wapumue. Nyumbani kuna baba asiyetaka binti alale nje ya mji, kaka anayefuatilia simu, mama anayeona shahada ni jambo jema ila chakula cha jioni hakina mpishi mwingine. Kuikaribisha familia ya namna hiyo kampasini kunaweza kuonekana kama kumfuata mtu kwenye kimbilio lake. Ndiyo maana faragha ya alama na mienendo ya mwanafunzi lazima ilindwe bila kulegea, na uamuzi wa nani aje siku ya wazazi uwe wake mwenyewe. Lakini sehemu kubwa ya ugumu wa wazazi hutokana na kutojua. Baba anayekataa bweni mara nyingi hajawahi kuliona, hamjui anayelisimamia, wala hajaambiwa kwamba wanaokaa kampasini hupata vikundi vya kusomea usiku. Akionyeshwa na mzazi mwenzake aliyemaliza kumsomesha binti yake hapohapo, kwa lugha yake, atasikiliza kuliko akisomewa kipeperushi. Mama naye, akipewa mwezi Agosti kalenda ya muhula inayoonyesha kwamba wiki ya pili ya Desemba ni ya mitihani, anaweza kuisogeza harusi ya mpwa wake hadi Januari.